Maji ni Tahiri, Lakini Je, Yanafaa Kunywewa?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji akavihuisha kwayo viumbe vyake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, akina baba na akina mama, nanyi vijana wetu wa madrasa, leo sitaandika juu ya swala wala funga. Nataka tuzungumze juu ya kisima.

Hapa Gitega nasomesha fiqhi, na kama ilivyo ada tunaanza na mlango wa tahara. Siku moja tulikuwa kwenye aina za maji. Nilikuwa nimekwisha kuwakaririsha kwamba maji mengi hubaki tahiri maadamu najisi haijayabadilisha rangi, ladha wala harufu. Kijana mmoja wa Muyinga akanyoosha mkono. Kwao, akasema, wafadhili waliuchimbia msikiti kisima chenye pampu ya mkono. Maji yakitoka ni maangavu kabisa, lakini ukiyaacha ndani ya bidoni mpaka Adhuhuri yanageuka mekundu kama chai ya rangi, na kanzu nyeupe ikifuliwa inabaki na madoa. Je, udhu unasihi?

Nikamjibu bila kusita kwamba unasihi. Maji yakibadilishwa na kitu cha mahali pake, kama udongo, chuma au majani ya majini, hayatoki katika utahiri wake, kwa sababu kitu hicho hakiepukiki. Nikawa nafungua ukurasa unaofuata, naye akanyoosha mkono tena.

"Na kunywa, ustadhi?"

Nilibaki kimya. Nilikuwa nimesomesha mlango ule kwa zaidi ya miaka kumi na sikuwa na jibu.

Likizo ilipofika nilikwenda Muyinga kukiona kisima chenyewe. Nilikuta nyasi zimeota kuzunguka pampu. Kibao chenye jina la mfadhili kilikuwa bado kinang'aa, na huenda ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima. Akina mama walikuwa wamerudi bondeni, kwenye chemchemi isiyojengewa ambayo ng'ombe nao wanakunywa. Mama mmoja aliniambia, "Haya ya kisima yanaharibu ugali na maharage, rangi yake inatisha. Ya bondeni ni mazuri, yanaonekana mpaka chini." Watoto wake wawili walikuwa wanaharisha wiki ile.

Tazameni mambo yalivyogeuka. Maji mekundu waliyoyakimbia, kwa kadiri niliyokuja kujifunza, yalikuwa na chuma. Chuma kinachafua nguo na kuharibu ladha, nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) halikukiwekea kiwango cha juu kwa sababu ya kiafya kama lilivyofanya kwa sumu nyingine. Maji maangavu waliyoyakimbilia ndiyo yaliyokuwa yakiwaumiza. Jicho limewadanganya, na sisi walimu wa dini hatukuwasaidia, kwa sababu tumewazoesha watu kuuliza swali moja tu: ni tahiri au si tahiri? Tahiri ni hukumu ya ibada. Kufaa kunywewa ni swali jingine, nalo lina dalili zake na wataalamu wake.

Najua wapo watakaonitajia hadithi ya kisima cha Budhaa cha Madina. Maswahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kisima hicho, ambacho uchafu wa kila namna ulikuwa ukiingia ndani yake, naye akawajibu kwamba maji ni tahiri na hayanajisiwi na kitu. Hadithi hiyo ipo, tunaisomesha. Lakini ukisoma katika Sunan ya Abu Dawud utakuta jambo ambalo wengi wetu tunaliruka. Imamu Abu Dawud anasimulia kwamba yeye mwenyewe alikwenda kwenye kisima kile, akatandaza shuka yake juu ya mdomo wake na kuupima, akapata upana wa dhiraa sita. Akamuuliza aliyemfungulia mlango wa bustani kama jengo lake limebadilishwa, akaambiwa hapana. Akayatazama maji, akaona rangi yake imebadilika, naye akalieleza hilo pia. Mwanachuoni wa hadithi hakutosheka kupokea habari ya kisima akiwa amekaa msikitini. Alikwenda akapima. Mimi nilikuwa nimeisomesha hadithi hiyo mara nyingi bila kwenda hata kwenye kisima cha jirani yangu.

Na nyinyi wanafunzi mliosoma Matni ya Abu Shujaa, ikumbukeni aina ya pili ya maji: tahiri, yenye kutahirisha, lakini makruhu. Ni maji yaliyopata moto wa jua ndani ya chombo cha madini. Kwa nini yawe makruhu na hali ni tahiri? Mafakihi wetu wa Kishafii walisema kwamba katika nchi za joto jua hutoa kitu kutoka katika chombo cha madini, nacho kikiugusa mwili kinahofiwa kuleta ugonjwa wa ngozi. Imamu Nawawi aliona dalili ya karaha hiyo ni dhaifu, na mimi sijengi hoja yangu juu ya ugonjwa wenyewe. Ninachotaka mkione ni ile namna ya kufikiri. Wanachuoni hao hawakuwa na maabara wala hadubini, lakini walikubali kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kutoka katika madini, kikaingia katika maji, maji yakabaki tahiri na mwili ukadhurika. Mlango huo ulifunguliwa zamani, ila sisi tunaukariri kwa ajili ya mtihani.

Sasa niseme na akina mama, kwa maana nyinyi ndio wenye jiko. Tumefundishwa na wauguzi kuchemsha maji, na ni mafundisho mazuri, yashikeni. Kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini sumu ya kemikali haina uhai, kwa hiyo haiuawi. Mkichemsha chumvi ndani ya sufuria, je, inaondoka? Maji yanapungua kwa mvuke na chumvi inazidi. Floraidi, naitreti na aseniki ziko hivyo hivyo. Hata dawa ya klorini haiziondoi, wala kuanika chupa juani.

Kuna moja kati ya hizo inayotuhusu sana sisi tunaoishi mijini. Katika mitaa yetu ya Waswahili nyumba zimebanana, na pale ambapo bomba halijafika, kisima na choo cha shimo viko ndani ya ua mmoja. Uchafu wa chooni unapooza ardhini unazaa naitreti, ambayo inayeyuka na kwenda na maji. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kwa mtu mzima kiasi kidogo hakina shida. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayepewa maziwa ya kopo, naitreti inageuka tumboni kuwa kitu kinachoishika damu isibebe hewa, na mtoto anaanza kubadilika rangi midomo na kucha, kama mtu anayekosa pumzi. Daktari mmoja wa Iowa, Marekani, Hunter Comly, alilieleza jambo hili mwaka 1945 baada ya kuwaona watoto wachanga walionyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. WHO imeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja.

Mimi mwenyewe nina kisima nyumbani. Nilipopima kwa hatua nilikuta kumi na moja tu mpaka chooni. Mtoto wetu wa mwisho alipewa maziwa ya kopo kwa maji hayo kwa sababu mama yake aliugua, na tuliyachemsha sana tukidhani ndiyo uangalifu. Mwenyezi Mungu alimhifadhi, alhamdulillah. Anayeweza kunyonyesha anyonyeshe, kama Qurani ilivyoelekeza katika Suratul Baqara, kwani naitreti anayokunywa mama haimfikii mtoto kwa kiasi cha kumdhuru. Asiyeweza atafute maji ya mahali pengine kwa ajili ya mtoto. Naitreti kuitoa majini ni kazi ya mitambo ya gharama, haifanyiki kwa chujio la nyumbani. Dawa yake hasa ni kutochimba kisima karibu na choo, na hilo linaamuliwa kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini.

Wale wanaoona natia watu hofu bure wawatazame ndugu zetu wa Bangladesh. Tangu miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu kwa mamilioni ili waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuharisha. Nia ilikuwa njema, na UNICEF ilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Maji yalikuwa maangavu. Mwaka 1993 ikagundulika kwamba baadhi ya visima vilikuwa na aseniki inayotoka katika ardhi yenyewe. Sumu hiyo inafanya kazi polepole, miaka kwa miaka: madoa mwilini, magamba viganjani na nyayoni, kisha saratani. Wako mabinti waliokosa kuolewa kwa ajili ya madoa hayo. Ikabidi visima karibu milioni 5 vipimwe kimoja kimoja, pampu yenye maji salama ikapakwa rangi ya kijani na yenye sumu ikapakwa nyekundu. Mkemia mmoja wa huko, Abul Hussam, akatengeneza chujio la ndoo lenye mchanga, mkaa, vipande vya matofali na chuma kilichoandaliwa, chuma kikawa ndicho kinachoishika aseniki. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya dola milioni 1 huko Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo akaitoa ili machujio yagawiwe watu. Chuma kile kile tunachokilalamikia Muyinga, kwao kimekuwa dawa. Subhanallah.

Na hapa jirani, Tanzania. Sisi Warundi mji wa Arusha tunaujua kwa mkataba wa amani wa 2000, lakini wenyeji wa vijiji vinavyouzunguka mlima Meru wanaijua shida nyingine. Miamba ya volkano inatia floraidi katika maji yao. WHO inasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo huko vinavyopita kiwango hicho mara nyingi. Mtoto anaota meno ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki wowote, na floraidi ikizidi sana hata mifupa inapinda. Zamani Tanzania ilikubali hadi miligramu 8, kwa sababu kiwango kikali kingewaacha watu wengi bila maji kabisa. Baadaye kiwango hicho kikashushwa.

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, walifanya kazi ya kuitoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kule Nakuru, Kenya, jimbo la Wakatoliki nalo lina mradi wa namna hiyo. Mifupa inachomwa ndani ya tanuri lisiloingiza hewa nyingi mpaka iwe myeusi, inasagwa chembechembe, inaoshwa, kisha maji yanapitishwa humo. Ikichomwa kidogo maji yananuka, ikichomwa kupita kiasi ikawa nyeupe nguvu yake inapungua. Na baada ya muda inashiba, lazima ibadilishwe.

Hapa ndipo tunapohitajika sisi watu wa fiqhi. Muislamu akisikia maji yamepita katika mifupa atauliza: mifupa ya mnyama gani, amechinjwa na nani? Ni swali la haki, na wataalamu wa maji wanajua kwamba jamii nyingine zimekataa machujio hayo kwa sababu ya dini. Jibu halina uzito mkubwa. Mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa kisheria ni tahiri, hakuna mzozo. Mzozo uko katika mfupa wa mzoga: wenzetu wa Kihanafi wanauona tahiri, isipokuwa wa nguruwe, na sisi Mashafii tunauona najisi, wala kuuchoma hakuutahirishi kwetu. Basi mifupa itoke machinjioni ambako anayechinja ni Muislamu anayejulikana, na mambo yanakwisha. Maalimu anayesimama siku ya kwanza na kulieleza hili anaweza kuokoa mradi mzima. Akikaa kimya, mradi unakufa kwa minong'ono ya barazani.

Sisi hatuna mlima wa volkano kama Meru hapa Gitega wala Muyinga, kwa hiyo sisemi kwamba maji yetu yana floraidi. Nasema hatuwezi kujua kwa kutazama. Upande wa Butihinda watu wanachimba dhahabu kwa mikono, na popote dhahabu inapokamatwa kwa zebaki, zebaki hiyo haipaswi kuingia katika bonde ambalo watu wanateka maji au kuvua samaki. Ulimwengu una mkataba juu yake, unaofanya kazi tangu 2017, uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki iliyopitia kwa samaki ililemaza watu wazima na watoto waliokuwa bado tumboni. Hakuna kamati ya msikiti itakayoitoa zebaki majini. Tunachoweza ni kusema na vijana wetu wanaochimba, kwa maana wengine wanaswali safu moja na sisi.

Nirudi kwenye kile kisima chekundu, maana ndicho chepesi kuliko vyote. Fundi mmoja alinifundisha jambo dogo. Nenda alfajiri kabla hakijaguswa, uvute bidoni kadhaa mfululizo na kuzipanga. Ya kwanza ikiwa nyekundu na zinazofuata zikawa zinasafika kadiri unavyovuta, basi chuma kinatoka kwenye mabomba yenyewe, maji yenye ukali yameyala usiku kucha. Dawa yake ni kuyatoa mabomba ya chuma na kutia ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Zote zikigeuka mekundu sawasawa, chuma kimo ardhini. Hapo maji yamwagwe kutoka juu kupitia karai lililotobolewa ili yapate hewa, chuma kigande, kisha yapite katika kokoto na mchanga. Mchanga uoshwe kila unapoziba. Mtoto wa madrasa wa darasa la juu anaweza kuifanya kazi hii.

Tulipofanya hivyo pale Muyinga bidoni ya kwanza ilikuwa nyekundu na ya sita ilikuwa safi. Ilikuwa ni mabomba! Watu walikimbia kisima kizima kwa ajili ya mabomba yaliyochaguliwa bila kuyapima maji kwanza.

Ndiyo maana nina maneno na kamati zetu. Tunapenda sana kisima kipya. Tunakumbuka habari ya Saad bin Ubada (r.a.) aliyetoa kisima kuwa sadaka kwa ajili ya mama yake, na ya Uthman (r.a.) aliyekinunua kisima cha Ruma na kukiweka wakfu, tukamwonyesha mfadhili wa ng'ambo. Anatuma fedha, tunapiga picha ya maji yakiruka, tunatundika kibao, kila mtu anarudi kwake. Nani aliyepeleka chupa ya maji maabara? Nani atakayebadilisha mabomba mwaka wa tatu? Sadaka inayoendelea ni ile ambayo kitu chake kinaendelea. Naona mfadhili aambiwe kwa adabu kabla hajatoa: fedha ya kupima na ya kutunza iwe ndani ya hesabu, hata kama badala ya visima viwili tutapata kimoja. Niliposema hivi kwenye kikao, mzee mmoja ninayemheshimu alinijibu kwamba kumkatalia mtu sadaka yake ni kufunga mlango wa kheri, na kwamba babu zetu walikunywa maji bila maabara. Nilimwambia, "Mzee wangu, babu zetu walikunywa ya chemchemi za milimani ambako hakukuwa na vyoo mia ndani ya mtaa mmoja." Hakuridhika. Tumebaki hivyo, na tunasalimiana.

Wengine wanapinga mchango wa kila mwezi kwa hoja kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza maji ya ziada. Kweli alikataza. Lakini wanachuoni wametofautisha maji yaliyo mahali pake na maji ambayo mtu ameyagharimia kuyateka na kuyahifadhi. Faranga tunazoomba ni za mabomba na mchanga, na asiyekuwa nazo hazuiwi kuteka. Hili liandikwe ukutani ili asiwepo wa kumfukuza mjane.

Pale Muyinga mabomba bado hayajabadilishwa, mchango haujatosha. Kwa sasa kijana wetu anavuta bidoni tano za kwanza kila alfajiri na kuzimwagia bustani ya msikiti, na baadhi ya akina mama wameanza kurudi. Lakini maji yanayosafika siyo maji yaliyopimwa. Kwa hiyo nimejaza chupa mbili, moja ya kisima kile na moja ya kisima changu mwenyewe, nimeandika tarehe na saa, na Jumatatu inshallah nitazipeleka Bujumbura, niulize Regideso au ofisi ya viwango, BBN, nani atanipimia naitreti, floraidi na madini mengine. Majibu yakirudi nitayabandika mlangoni mwa misikiti yote miwili, hata hayo ya nyumbani kwangu, na hata yakiwa mabaya.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.